Kande Si Kifaa cha Ujenzi

Kampuni yetu iligundua kwamba ina mnyororo mara tu ilipohamia ofisi yenye viyoyozi. Kabla ya hapo tulikuwa tunanunua vitu tu. Mimi nilikuwa naitwa mtu wa manunuzi: saruji ikihitajika naagiza, nondo zikipungua naagiza, na dereva wa lori akizima simu namtukana kwa lugha ya mama yangu, tena kimoyomoyo, maana Kigali mtu anayetukana kwa sauti anaonekana hakulelewa. Nilikuwa nimetoka Tanzania kuja kufanya kazi hiyo, na nilidhani naijua. Kumbe nilikuwa kiungo cha mnyororo wa ugavi bila kuambiwa.

Tulipelekwa hotelini kufundishwa. Mkufunzi alikuwa Mkenya mchangamfu, mwenye shati la kubana na kile kitochi cha kuonyeshea mambo ukutani. Alitufundisha kwamba kila kitu kinachopita kwenye mnyororo lazima kiongeze thamani, na kisichoongeza thamani ni taka.

"Na taka tunaifanyia nini, watu wangu?" aliuliza.

"Tunatupa!" tukajibu sote, watu wazima wenye ndoa na madeni, kama watoto wa chekechea.

Halafu tukaenda kula. Palikuwa na isombe, yaani kisamvu, ndizi za kukaanga, viazi vya aina mbili, samaki, kuku, na matunda yaliyokatwa kama maua. Mkuu wetu wa kitengo alirudia mara tatu. Hakuna aliyesimama kuuliza paja la tatu la kuku linaongeza thamani gani kwenye mnyororo.

Mchana tukafundishwa jambo la pili, nalo ndilo lililotuletea balaa. Tuliambiwa kwamba kampuni zinazojenga hurudia makosa yaleyale kwa sababu hazijifunzi. Saiti ikiisha, watu wanatawanyika na elimu yao inaondoka nao. Hili lilikuwa kweli tupu, na niliitikia kwa kichwa na kwa moyo wote. Basi ikaamuliwa kwamba kila mwezi kutakuwa na Kikao cha Kujifunza, ambako kila saiti itaeleza kilichoharibika, bila mtu kulaumiwa, na kila kilichoharibika kitaandikwa kuwa somo moja. Karatasi kubwa ikabandikwa ukutani ofisini: HAPA HAKUNA LAWAMA. Mkurugenzi mwenyewe akasimama kutangaza kwamba atachagua kapita mmoja, mmoja wa wale wasimamizi wa mafundi na vibarua kwenye saiti, ampandishe awe mwalimu wa makapita wenzake. Atapewa mkataba wa kudumu, meza na kiti ofisini, ghorofa ya chini. Na atampataje huyo mmoja? Ni yule ambaye saiti yake, mpaka robo ya mwaka iishe, itakuwa na masomo machache kuliko zote.

Nilimtazama mkuu wa kitengo nikidhani atacheka. Hakucheka. Tukapiga makofi kwa mpango wa kumtafuta mwalimu kwa kumchagua ambaye hana alichojifunza.

Makapita walikuwa watatu, na mimi moyoni nilikuwa na mmoja. Alikuwa kapita wa saiti ya Kinyinya, tulipokuwa tunajenga shule ya chekechea ya mtu binafsi, jengo la ghorofa moja. Alikuwa Mnyarwanda aliyezaliwa na kulelewa Bujumbura, Mkatoliki wa kufanya ishara ya msalaba kabla ya kuwasha mashine ya zege, na mwenye majigambo ambayo sijapata kuyaona. Ukimsikiliza, Kigali nzima aliijenga yeye na sisi wengine tulimshikia karai. Alivaa kofia ya sufu hata jua likiwaka, na alikuwa na sauti ya kuitia kijiji kizima. Alinikera karibu kila siku. Aliwahi kurudisha lori zima la mchanga kwa sababu, alisema, haukuwa na sura nzuri. Lakini nilimpenda, siwezi kuficha.

Alikuwa na goti bovu, la kulia. Aliteleza zamani kwenye ngazi ya miti, akalikalia kimya kama wanaume wanavyokalia mambo yao, nalo likaganda vibaya. Kupanda aliweza, mguu mzima kwanza, kisha anauvuta mwingine kwa mkono akiwa ameshika suruali. Kushuka ilikuwa shughuli. Siku moja tukiwa tumesimama getini aliniambia wazi, bila majigambo kwa mara ya kwanza.

"Madamu, hii goti imekwisha. Ile kiti ya ofisi nikiikosa, mwaka kesho sitapanda hata kitanda."

Nilicheka, naye akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Kuanzia siku hiyo nilijua ile nafasi kwake haikuwa cheo.

Sasa, mtihani wake mkubwa ulikuwa ni dali. Dali ndilo jina la hapa la sakafu ya zege inayotenganisha chini na juu, ile ambayo nyumbani tunaiita slabu. Siku ya dali si siku ya kawaida. Zege likianza kumwagwa asubuhi halitakiwi kusimama mpaka ukingo wa mwisho. Ukisimama katikati, lililotangulia linaanza kukauka, na litakalofuata halitashikana nalo. Litakaa pembeni yake tu, kama wanandoa walionuniana. Maji yatapita hapo miaka yote.

Kwenye saiti ndogo za mlimani, ambako lori la zege haliwezi kukata kona, zege hupanda kwa watu. Wanapangana kuanzia mashine, kupitia daraja la mbao, mpaka juu, wanaume na wanawake, na karai linapita mkono kwa mkono bila kutua. Mkufunzi wetu alituonyesha picha nyingi za minyororo, lakini hiyo hakuwa nayo.

Na watu hao wanakula. Kwa desturi ya hapa, siku ya dali chakula hupikwa palepale saiti. Wanawake wawili watatu wanakuja na masufuria alfajiri, wanachemsha impungure, yaani mahindi na maharage pamoja, ambayo sisi ni kande. Mchana ukifika mstari hausimami. Wanachomoka wachache, waliobaki wanasogeleana kuziba pengo, waliokula wanarudi, wanachomoka wengine. Karai halijui kama ni saa ya chakula. Tajiri anayejenga nyumba yake anaweza kubania kila kitu, lakini si sufuria la siku ya dali.

Nikaandika maombi kwenye mfumo mpya wa kompyuta: saruji, mchanga, kokoto, mafuta ya mashine, kande. Vyote vilipita isipokuwa kimoja. Mkuu wa kitengo aliniita, akageuza kompyuta nione. Penye neno kande palikuwa na mstari mwekundu.

"Hiki si kifaa cha ujenzi," alisema. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyetoka semina. "Kila mfanyakazi ana mapumziko ya saa moja, atajinunulia. Sisi tunalipa mshahara, halafu tena tuwapikie? Hiyo ndiyo taka yenyewe tuliyofundishwa."

"Bosi, wakienda kununua, mstari unakatika."

"Basi kapita aandike kwamba bila maharage hawezi kumwaga zege. Akiandika, nitapitisha. Lakini itaingia kama kikwazo cha saiti, na kikwazo kinahesabiwa somo."

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, nilijisemea, nikatoka kabla mdomo haujaniponza. Nikampigia kapita. Nikamweleza yote, na nikamwambia aandike.

"Nta kibazo, Madamu," alisema.

Hakuna shida. Ukikaa Kigali utajifunza kwamba maneno hayo yana maana nyingi, na hakuna shida ni mojawapo tu. Nikambana. Akasema ataongea na watu wake, watakunywa chai nzito asubuhi na maandazi kwa mfuko wake mwenyewe, watakaza mikanda mpaka dali iishe, kisha watakula wapasuke. Ameshawauliza, wote wamesema yego.

"Wamesema ndiyo kwa mdomo au kwa tumbo?" nikamuuliza.

"Mimi nimemwaga dali mbele wewe hujazaliwa," akanijibu, na majigambo yakawa yamerudi. Tumeachana kidogo sana kwa umri, lakini niliacha hilo lipite.

Asubuhi ya siku yenyewe kila kitu kilifika kwa saa yake. Lazima niwape haki yao, mnyororo ulifanya kazi. Saruji iliingia getini mchanga ukimaliza kushushwa, kokoto nyuma yake, na hakuna dereva aliyezima simu. Kapita alifanya ishara ya msalaba, mashine ikaunguruma, mstari ukaanza. Mkurugenzi alikuja na wageni katikati ya asubuhi. Walivaa kofia ngumu mpya, wakapiga picha karai likipita, na mmoja akaomba ashike moja, akalishika, akalipitisha, akapigiwa makofi. Mkuu wa kitengo alininong'oneza kwamba nimeona sasa. Nilikuwa nimeona. Wageni waliondoka wakiwa na njaa, nikasikia wakijadiliana waende kula wapi.

Mchana ukaingia. Sisi watu wa pwani na bara kule kwetu tungegoma. Tungekaa chini, tungeimba, msemaji angejitokeza, na saa hiyohiyo ungejua una tatizo. Hapa hakuna aliyegoma. Mtu mmoja aliweka karai chini taratibu, akanawa mikono, akamwambia jirani yake jambo, akateremka. Baadaye wawili. Baadaye mama mmoja, akiniinamia kwa adabu alipopita. Kila mmoja anatoka kidogo tu, anarudi sasa hivi. Wote walikuwa wamesema yego, na kumwambia mtu mzima usoni kwamba ile yego imekwisha ingekuwa kumvunjia heshima. Kwa hiyo walimwachia heshima yake yote, wakaondoka na mikono yao.

Waliobaki wakasogeleana. Halafu hawakuweza tena kufikiana, wakaanza kutembea na karai, kisha karai likawa linatua. Kapita alipiga kelele mpaka sauti ikakwaruza. Nikatumwa, au nilijituma, kuwafuata huko chini. Vibanda vya chakula vya jirani ni vya kulisha watu wachache, si kikosi. Maharage yalikuwa yameisha kwenye kibanda cha kwanza, kwenye cha pili sufuria ndiyo kwanza linainjikwa, na wengine walikuwa wameteremka hadi Batsinda kutafuta. Niliwakuta kwenye mabenchi wamekaa kwa utulivu wakisubiri sahani zao. Waliniambia wanakuja. Na kweli walikuja, wote, wameshiba na wenye moyo, jua likiwa limeshapita kichwani na zege la asubuhi limekuwa jiwe.

Dali iliisha jioni. Ukiitazama kutoka juu ilikuwa nzuri, imelala sawa. Kapita hakuitazama. Alikaa juu ya mfuko wa saruji ameshika goti, na nilipomwambia pole akaniambia niende nyumbani.

Zege changa hunyweshwa maji kila siku ili likomae, na maji hayana unafiki. Mbao za chini zilipoanza kufunguliwa, tulisimama ndani, kapita, mimi na injinia wa saiti, tukatazama juu. Mstari ulikuwa umekatiza dari kutoka ukuta mpaka ukuta, na matone yalikuwa yamejipanga juu yake. Moja lilimwangukia injinia kwenye miwani. Alikuwa kijana mpole, mwenye mke mpya. Akafuta miwani polepole.

"Tupige ripu vizuri huku chini," alisema, "juu tupake dawa ya kuzuia maji. Kikao cha kufunga robo kiko wiki hii, Mzee. Mkishapita hapo, wewe unakaa ofisini. Nani atajua?"

Nilikuwa na jibu la hekima mdomoni, kuhusu watoto watakaolala usingizi wa mchana chini ya mstari ule. Sikulitoa. Ukweli ni kwamba nilitamani apige ripu. Nilitamani apate kile kiti, na watoto, Mungu anisamehe, sikuwa nimewaona bado. Goti nililiona kila siku.

Kwenye kikao tulikaa chini ya ile karatasi ya HAPA HAKUNA LAWAMA, tukanywa chai na sambusa ambazo mfumo ulizipitisha bila mstari mwekundu, kwa kuwa ni za mafunzo. Kapita wa kwanza alisimama akasema saiti yake haina somo mwezi huu ila moja dogo, la misumari. Kapita wa Niboye akasema saiti yake haina somo hata moja, na hakudanganya: kibali cha ujenzi kilikuwa hakijatoka, na hapakuwa na kitu pale zaidi ya uzio wa mabati na mlinzi. Mwenyewe alikuwa mtu mwema, alisema hivyo akitazama viatu vyake. Mkuu wa kitengo akaandika sifuri kwa furaha.

Kisha wa Kinyinya. Akavua kofia. Sikuwahi kumwona bila kofia. Alikuwa na upara mdogo wa kitoto.

"Dali yangu imekufa katikati," alisema. "Iko na mustari. Maji inapita. Ripu haitaiponya."

Injinia aliangalia dirishani. Mkurugenzi akauliza imekuwaje, na kapita akaeleza yote, hata yale maandazi, hata ile yego. Hapo uvumilivu ukanishinda. Nikasimama nikasema chakula kiliombwa na kikafutwa, na aliyekifuta yumo humu ndani anakula sambusa.

"Dada," mkuu wa kitengo aliniambia kwa upole, akanyoosha kidole ukutani, "hapa hatutafuti nani alikosea."

Watu wakaguna kukubali. Nilikaa chini. Mkurugenzi akamshukuru kapita kwa ujasiri wake. Akasema huo ndio moyo wa kampuni inayojifunza, na tumpigie makofi, tukapiga. Kisha akatangaza kwamba, kwa kufuata vigezo, mwalimu wa makapita ni yule wa Niboye. Na kwa kuwa kapita wa Kinyinya ndiye anayelijua tatizo kuliko mtu yeyote, yeye ndiye atakayesimamia kukata kipande kile mpaka kwenye boriti na kukimwaga upya. Baada ya hapo wangemhamishia kwenye jengo la ghorofa nne, kwa sababu sasa ana uzoefu.

Nje nilimshika mkono kapita nikamuuliza kwa nini hakunyamaza. Nilimuuliza kwa ukali, kana kwamba kanikosea mimi.

"Madamu, maji ikianguka pale, watauliza nani alimwaga hii dali," alisema. "Hawatasema ni kompyuta. Watasema ni mimi. Mimi sikubali." Akavaa kofia yake, akairekebisha kwenye kioo cha gari la mkurugenzi.

Niliandika maombi ya kumwaga kile kipande upya. Saruji, mchanga, kokoto, mafuta, kande. Yalirudi siku hiyohiyo bila mstari mwekundu, na chini mkuu wa kitengo alikuwa ameongeza maneno yake: Somo limezingatiwa. Kampuni ilikuwa imejifunza kweli.

Siku ya kumwaga nilifika mapema. Masufuria yalikuwa yanachemka pembeni ya geti na moshi ulikuwa mzuri. Kapita alikuwa ameshapanda. Aliniambia baadaye alianza kupanda kabla watu hawajafika ili wasimwone. Mchana ukafika na mstari haukukatika. Watu walichomoka wachache wachache, wakala, wakarudi, karai halikutua hata mara moja, na dali ikashikana kama inavyotakiwa. Nilichukua sahani ya kande nikampelekea juu, na mkono wa pili nikabeba kiti cha plastiki cha mlinzi. Alikuwa amesimama karibu na ukingo ameegemea nondo. Alipokea sahani.

Nikakiweka kiti nyuma yake, nikamwambia, "Kaa basi Mzee, ule."

"Hapana," alisema, akichota kijiko cha kwanza huku akilitazama zege. "Nikikaa sitasimama tena, na kazi bado."